Ubishi Juu ya Neno Ndio Somo Lenyewe

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Nyamanoro aliniletea barua ya shule anayosoma binti yake, nimsaidie kuamua. Shule hiyo, moja ya zile zinazofundisha kwa Kiingereza tangu awali, imeanzisha klabu ya Scrabble, mchezo wa kupanga kete za herufi ubaoni ziwe maneno yenye pointi. Kila mzazi achangie shilingi 30,000 za ubao na kamusi, na sababu imetajwa katika mstari wa kwanza kabisa: kuinua Kiingereza cha watoto. Jirani hakutatizwa na hela. Lililomtatiza ni habari iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ya Nigel Richards, raia wa New Zealand aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kihispania mjini Granada mnamo Novemba 2024 ilhali hazungumzi Kihispania. Mwaka 2015 alikuwa ameshafanya jambo hilohilo kwa Kifaransa: alikariri orodha ya maneno kwa muda wa wiki tisa hivi, akaenda Ubelgiji, akawashinda wenye lugha yao. Kundi likagawanyika. Baadhi ya wazazi wakasema kama mtu anaweza kuwa bingwa wa lugha asiyoijua, basi mchezo huu hauna uhusiano na lugha, na mchango ni ulaji tu. Wengine wakajibu kwamba Richards ni maajabu ya mtu mmoja, hayawahusu watoto wa Mwanza, na kwamba mtoto akicheza na maneno ya Kiingereza kila wiki Kiingereza chake kitapanda, atake asitake.

Naona pande zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Zinadhani Scrabble ni mchezo mmoja. Ni michezo miwili inayotumia ubao mmoja. Ule wa mashindano unapima kumbukumbu, hesabu na uwezo wa kuona nafasi. Lugha imo ndani yake kama mbao zilivyo ndani ya karakana ya seremala, malighafi. Ule wa nyumbani ndio unaolea lugha, ila haulei kwa zile kete za herufi. Unalea kwa ubishi unaozuka pale mtu anapoweka kete zake na mwenzake akamuuliza, "Hilo nalo ni neno?" Ubishi wa aina hiyo unahitaji watu wenye madaraka juu ya lugha yao, watu wanaoweza kusema "bibi yangu hulitumia" na wakasikilizwa. Katika Kiingereza, sebule nyingi za Mwanza hazina mtu wa namna hiyo. Katika Kiswahili kila sebule inao watatu au wanne. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu wa ile klabu si kama mchezo unafaa au haufai. Ni mchezo upi kati ya hiyo miwili anakusudia kuwachezesha watoto, na kwa nini hakuna hata boksi moja la Kiswahili katika ratiba yake.

Tuanze na mashindano, maana hapo ndipo sifa nyingi za mchezo huu zinapotoka. Kila mchezaji ana dakika 25 kwenye saa yake, na akizipitisha anakatwa pointi 10 kwa kila dakika. Kete ni 100, nazo zinajulikana: wachezaji wazuri huweka alama kwenye karatasi kila kete inapotoka, hata mfuko unapokwisha wanajua mpinzani ameshika nini, kama mchezaji wa karata anayehesabu majani yaliyokwisha kuchezwa. Anayetumia kete zote saba kwa mkupuo mmoja anaongezewa pointi 50, kwa hiyo mchezaji hubaki na herufi zinazoshikana vizuri na kuzitema zisizoshikana hata pale ambapo kuzitumia kungempa pointi zaidi kwa zamu hiyo. Neno likipingwa, saa inasimamishwa, neno linaingizwa kwenye kompyuta, nayo inajibu ndiyo au hapana. Hakuna anayeuliza maana. Hakuna anayeruhusiwa kueleza. Orodha inayotumika katika sehemu kubwa ya dunia nje ya Marekani, ile ya Collins, ina maneno zaidi ya 270,000, na yale ya herufi mbili pekee yanapita mia moja. Mchezaji anayaweka kichwani yote hayo mafupi kabla ya kitu kingine chochote: QI, ZA, XU, AA. Akiulizwa AA ni nini, wengi watajibu kwamba ni pointi mbili.

Katika orodha hiyohiyo mna UGALI. Mna SAFARI, BWANA na UHURU pia. Na kwa kuwa orodha ni ya Kiingereza, ugali unapewa wingi wa Kiingereza: UGALIS ni neno halali kabisa, na mtoto wa Igoma akiliandika mezani litakubaliwa, huku mama yake, anayejua kama watu wote kwamba ugali ni ugali hata ukipikwa wa kijiji kizima, asingekuwa na la kupinga. Mfano huu unaonyesha kwamba orodha ya mashindano si lugha ya watu, wala Waingereza wenyewe hawazungumzi hivyo. Ni sheria ya mchezo, kama mstari wa kuotea ulivyo sheria ya mpira. Richards aliielewa siri hiyo kuliko watu wengine wote. Hakujifunza Kihispania vibaya; hakujifunza kabisa, kwa sababu hakikuhitajika.

Kusema hivyo si kuudharau mchezo wa mashindano. Mwaka 2015 mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, akimshinda Mwingereza Lewis Mackay katika fainali kwa michezo minne kwa sifuri. Wanigeria hawakufika pale kwa kujidai kwamba wanakuza lugha. Waliuendesha mchezo kama mchezo: wana shirikisho la taifa, wana makocha, na walikaa chini wakafanya hesabu. Wakati wengine waliamini kwamba silaha ni neno refu la herufi saba au nane, wao walijizoeza maneno ya herufi tano na kujua wakati gani ni bora kuliweka fupi, wabaki na kete nzuri mkononi na kumfungia mpinzani njia. Huo ni ubongo unaofanya kazi, na mtoto wa Mwanza anayeweza kufika huko apelekwe, apewe nauli, ashangiliwe. Ila tuuite kwa jina lake. Uwekwe pamoja na chesi na drafti, ushindaniwe kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kama riadha, na usihesabiwe kuwa kipindi cha lugha.

Sasa nikupeleke kwenye mchezo wa pili. Jumapili moja tulikuwa sebuleni, watu wazima watatu na watoto wawili, tukichezea kete tulizojitengenezea: boksi la sabuni limekatwa vipande, herufi zimeandikwa kwa wino mzito, pointi zimeandikwa pembeni kwa penseli ili tuweze kuzibadilisha. Mpwa wangu wa darasa la sita akapanga F, U, R, U. Dada yake akampinga papo hapo: "Hilo si neno, ni la nyumbani tu." Shemeji yangu, mwenyeji wa Tanga, akamtetea kijana: "Neno lipo. Ni yale matunda meusi ya mfuru, tumeyala sana tukiwa wadogo." Nikadhani yamekwisha. Bibi yao alikuwa pembeni anachambua dagaa kwenye ungo, hachezi. Akainua kichwa. "Matunda gani? Furu ni samaki, baba. Vidogo hivi." Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Yeye amekulia Ukerewe, na kwa nusu saa iliyofuata kete hazikuguswa. Tuliambiwa furu walivyokuwa wengi, wakianikwa juani, wakipikwa na mchuzi gani, na jinsi walivyoanza kuadimika nyavuni miaka sangara aliposhika ziwa. Kijana akauliza kama waliisha wote. Bibi akasema hawakuisha, ila si wale wa zamani.

Bibi alikuwa akisema jambo ambalo wanasayansi wameliandika. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimetoweka. Watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza enzi hizo waliwaita samaki hao kwa jina hilohilo la wavuvi. Lakini mpwa wangu hakujifunza hayo darasani, na asingejifunza kwenye klabu. Kwa sheria za mashindano pale hapakuwa hata na la kubishania: neno lipo, pointi zake zihesabiwe, zamu ipite. Nyumbani, neno kukubaliwa ndiko kulikofungua mjadala. Alitoka pale akijua kwamba neno moja linaweza kuwa tunda Tanga na samaki Ukerewe, kwamba dada yake alikosea kudhani maneno ya nyumbani si Kiswahili, na kwamba bibi yake anajua kitu ambacho yeye hakijui. Hayo yote yalitoka kwenye swali moja, na swali lile liliulizwa kwa sauti kwa sababu kila mtu pale alijiona ana haki ya kulijibu.

Jaribu kulihamisha tukio hilo kwenye Kiingereza. Mtoto anaweka neno, mwenzake anashuku, wote wanamgeukia baba, baba anachukua simu. Simu inasema ndiyo. Basi. Hakuna anayesema "kwetu tunalitumia hivi", kwa sababu hakuna kwetu. Nimeona michezo ya namna hiyo mara nyingi, na kinachonishangaza kila mara ni ukimya wake. Watoto wenye midomo mirefu wakiwa barazani wanakuwa kama wako chumba cha mtihani. Wanajifunza maneno mapya, sikatai. Ila wanajifunza pia kwamba lugha ni kitu kinachoamuliwa na chombo kilicho mbali, na kwamba kazi yao ni kuuliza kama wamekosea.

Hapa mzazi ana hoja nzito, na sitaki kuipitia juu juu. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza. Mtihani wa kidato cha nne, ukiondoa somo la Kiswahili na mengine machache, uko kwa Kiingereza. Mzazi anayelipa 30,000 ili mtoto aizoee lugha hiyo mapema anafanya hesabu inayoeleweka, na mimi sina haki ya kumhubiria uzalendo wakati ni mwanawe atakayekaa kwenye dawati lile. Ninachosema ni kwamba boksi hili ni njia dhaifu ya kufika anakotaka. Anachohitaji mtoto huyo ni sentensi: kusoma vitabu vya hadithi, kuandika insha, kuzungumza na mtu anayemjibu. Scrabble haina sentensi. Haina kitenzi kinachokubaliana na mtenda wala neno linalotegemea neno la jirani. Mtoto anaweza kujua maneno elfu ya ubaoni na bado akashindwa kueleza kwa nini mvua hunyesha upande mmoja wa ziwa kuliko mwingine. Pia uwezo wa kubishana juu ya neno, kutoa mfano, kutofautisha maana mbili, kukubali kwamba mwenzako ameshinda kwa hoja, ni ujuzi ambao ukishaupata katika lugha moja unauhamishia katika nyingine. Ni rahisi kuujenga katika lugha unayoimudu. Anayeanzia kwenye lugha asiyoimudu anajenga woga kwanza.

Kwa hiyo tunahitaji boksi la Kiswahili, na boksi la Kiswahili halipatikani kwa kuzitumia kete za Kiingereza na kujikaza. Mchezo huu ulibuniwa na Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa jimbo la New York aliyepoteza kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Alichukua kurasa za mbele za gazeti la New York Times akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi, na idadi ya kete akaipanga kwa hesabu hiyo. James Brunot ndiye aliyeupa mchezo jina la Scrabble mwaka 1948, ila uwiano wa herufi ulibaki ule wa Butts. Ni uwiano wa Kiingereza cha gazeti la New York. Chukua methali fupi tu: haba na haba hujaza kibaba. Ina herufi 22. Kati ya hizo A ni tisa, yaani umemaliza A zote zilizomo kwenye boksi zima. B ni nne, na boksi lina mbili. H ni tatu, na boksi lina mbili. E, ambayo boksi limejaziwa kete 12, haimo hata moja. Au sema "kaka yake anakaa Kirumba": K tano kwa maneno manne, wakati boksi lina K moja tu, tena yenye pointi tano kana kwamba ni kitu adimu. Q na X zitakukalia mkononi mpaka mchezo uishe. C haina kazi bila H. Anayesema amejaribu Kiswahili kwenye Scrabble na hakikukubali amejaribu kuvaa kiatu cha mtu mwingine, akaulaumu mguu wake.

Hapo ndipo inapoingia hoja ambayo nimeisikia hata kwa walimu, nayo ni dhaifu kuliko zote: eti Kiswahili kwa asili yake hakifai mchezo huu, kwa sababu maneno yake hubeba viambishi vingi na kila mtu atajitungia neno. Kifini kinabeba viambishi, Kituruki vilevile, Kihungari vilevile, na lugha zote tatu zina Scrabble zao. Wahungari wamezipa kete zao zile sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili. Wawelisi wana kete moja ya CH na nyingine ya LL. Wahispania nao wana ya CH na ya RR. Waliitazama lugha yao wakatengeneza boksi linaloifuata. Kwetu jambo la kwanza lingekuwa kufuta Q, X na C, na kuweka kete ya CH. SH, NY, DH na nyinginezo zinaweza kuungwa kwa kete mbili, kwa kuwa kila moja ya herufi hizo ina maisha yake peke yake.

Wapo wanaopendekeza twende mbali zaidi, tuache herufi tutumie silabi, kama mtoto anavyoanza shule na ba, be, bi, bo, bu. Ni wazo zuri kuliko linavyoonekana. Waswahili wamekuwa wakicheza na silabi tangu zamani: watoto wa pwani na visiwani waliokuwa wakizungumza kinyume waliichukua silabi ya mwisho wakaitanguliza, nyumba ikawa mbanyu, na hawakuhitaji kujua kusoma ili kufanya hivyo. Sikio letu linakata maneno kwa silabi. Tatizo ni hesabu. Konsonanti zetu, pamoja na zile za herufi mbili, zinapita ishirini, na kila moja ina irabu tano za kuandamana nazo. Hiyo tu ni zaidi ya kete mia moja kabla hujafika mwa, mba, nda na kwa. Mfuko utakuwa na kila silabi mara moja, na mchezaji ataomba "ka" mchezo mzima asiipate. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, kwa silabi chache zilizochaguliwa, ungefaa sana. Kwa mchezo kamili, herufi zinashinda.

Nilipoanza kucheza na kete zetu za boksi la sabuni niligundua kwamba viambishi, vilivyotajwa kama kikwazo, ndivyo utamu wenyewe. Katika Kiingereza neno linarefushwa zaidi kwa mkia, na herufi S inawindwa kwa sababu inaongezeka nyuma ya karibu kila nomino. Butts aliliona hilo akaziweka S nne tu ili mchezo usiwe rahisi kupita kiasi. Kwetu neno hurefuka kwa kichwa. Mtu kaweka PIKA. Anayefuata anatanguliza N na A: NAPIKA. Wa tatu anaweka U moja tu: UNAPIKA. Wa nne anaweka T: TUNAPIKA, na kila mmoja anahesabiwa neno zima upya. Ukitazama ubao unaona mtenda akibadilika mbele ya macho yako, kutoka mimi hadi sisi. Wingi wa nomino nao unakataa kuja kirahisi: KITI haiwezi kuwa VITI, kwa kuwa kete iliyokwisha kaa haiondolewi, lakini TUNDA inakuwa MATUNDA, na mtoto anaanza kuuliza mwenyewe kwa nini nomino nyingine zinakubali na nyingine zinakataa. Hilo ni somo la ngeli ambalo nimewaona wanafunzi wa kidato cha pili wakisinzia nalo. Nyuma ya neno kuna NI: SOKO inakuwa SOKONI, ZIWA inakuwa ZIWANI. PIGA inarefuka kuwa PIGANA, lakini PIKA haiwezi kuwa PIKWA. Ni kweli kwamba T na W zikiwa nyingi mtu atavuna pointi kwa kuchomeka herufi moja mbele ya kazi ya wenzake. Dawa ni ileile ya Butts: zipunguzwe kidogo chini ya uwiano wake wa kawaida. Sisi tumezipunguza mara mbili na bado hatujaridhika.

Swali gumu la kweli ni nani aamue. Kamusi zetu, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hadi Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015, zinaorodhesha "piga" na baadhi ya minyumbuliko yake, ila haziorodheshi "tulimpigia" wala "hawajapigana", na haziwezi. Chukua viambishi sita vya nafsi na nyakati nne tu, na, li, ta na me: kitenzi kimoja kimeshakupa maneno 24. Mpe kila mtenda wa kumtendea na unapita mia, kabla ya kugusa ngeli wala kauli. Ukisema tukubali yaliyo kwenye kamusi peke yake, umeua TUNAPIKA na mchezo unabaki wa nomino na vitenzi visivyo na mwenyewe. Ukisema tukubali chochote kinachosikika sawa, mwenye sauti kubwa atashinda. Sheria tunayotumia nyumbani ni hii: neno likipingwa, aliyeliweka alitamke ndani ya sentensi, na sentensi hiyo wengine mezani waikubali kwamba mtu angeweza kuisema. Akishindwa, anaondoa kete zake. Imetufaa kuliko kamusi, na ndiyo inayorudisha sentensi ndani ya mchezo usio na sentensi. Kwa mashindano haitoshi, nakiri, kwa kuwa huwezi kuwaachia wapinzani wakubaliane. Huko itabidi kuwe na orodha ya mizizi na kauli zake, pamoja na kanuni ya viambishi iliyoandikwa waziwazi, ambayo programu ya simu inaweza kuikagua. Ni kazi ya wanaisimu kukaa na waandishi wa programu kwa miezi kadhaa. BAKITA wana kamusi tayari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana watu.

Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na hotuba zake hurudia kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022. Ni mambo ya kujivunia. Ila mtoto hacheki wala hagombani na ndugu yake kwa sababu ya lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Anahitaji kitu cha kushika.

Na kitu hicho hakihitaji kiwanda. Pita vijiwe vya karibu na mwalo wa Kirumba jioni uone drafti inavyochezwa: ubao umechorwa kwenye kipande cha mbao, kete ni vizibo vya soda, vya mmoja vimelala kifudifudi na vya mwenzake chali. Hakuna aliyesubiri boksi kutoka nje. Kete za herufi zinaweza kukatwa kwenye boksi lolote gumu, na darasa la watoto themanini halihitaji mbao ishirini. Wacheza Scrabble wa Kifaransa, wakiwemo wa Afrika Magharibi, wana namna ya kucheza ambayo wote ukumbini hupewa herufi zilezile kwa wakati mmoja. Kila mtu anatafuta neno lake bora, analiandika kwenye karatasi, kisha lile lenye pointi nyingi zaidi linawekwa kwenye ubao mkubwa mbele na wote wanaendelea kutoka hapo. Bahati ya mfuko inaondoka. Mwalimu wa shule ya kata huko Buhongwa anaweza kuifanya kwa chaki na ubao wake wa kila siku, watoto wote wakiwa ndani ya mchezo. Akiongeza ile sheria ya sentensi, anaposoma neno la mtoto wa mwisho kabisa nyuma na darasa zima likampinga, kipindi chake kimeanza.

Jirani yangu nilimwambia alipe. Binti anaupenda mchezo, ana kichwa cha hesabu, na huenda siku moja akawa wa kwanza wetu kusimama alipowahi kusimama Jighere. Ila nilimwomba amuulize mwalimu kama klabu inaweza kutenga Ijumaa moja kwa mwezi kwa kete za Kiswahili, na nikajitolea kuzikata. Kuna jambo lingine linalonisumbua zaidi ya kete. Siku orodha rasmi ya maneno ya mchezo itakapotungwa, itatungwa na watu wa mijini, wengi wao wa pwani, na watafanya kazi yao kwa uaminifu wakitumia kamusi walizonazo. Bila mvuvi wa Kirumba na bibi wa Ukerewe kukaa nao, furu wataingia kwenye orodha hiyo kama matunda.